Ile rangi inayong'aa kwenye upasuaji wa uvimbe wa ubongo: maswali mnayoniuliza kila siku

Mimi ni nesi wa teata, naishi Moshi, nimeshika vyombo kwenye meza ya upasuaji miaka mingi mpaka magoti yananidai. Hospitali siitaji maana hapa naongea kama mimi. Nimeona niandike haya kwa sababu nimechoka kujibu kitu kilekile mara kumi kwa siku, kwenye benchi la ndugu pale nje, kwenye kosta ya Arusha, kwenye grupu la kanisa, mpaka kwenye foleni ya ndizi Mbuyuni kuna mama alinishika mkono akasema sista samahani, eti wamemwekea mwanangu rangi kichwani, ndo nini? Kwa hiyo nakusanya hapa. Ila mimi sio dokta, ya mgonjwa wako yanaamuliwa na dokta wako.

Hiyo rangi inatibu uvimbe?

Haitibu. Mgonjwa anainywa au anachomwa, uvimbe unang'aa chini ya taa maalum, basi, inaonyesha tu. Hapa ndo watu wengi wanapotea, anakwambia "mama amepewa dawa ya kung'arisha uvimbe" kama vile uvimbe utayeyuka wenyewe. Kinachotoa uvimbe ni mkono wa daktari wa upasuaji, rangi inamsaidia macho.

Kwa nini asaidiwe macho? Uvimbe wa sehemu nyingine za mwili mara nyingi unaushika kwa vidole, una mpaka wake kama kokwa ndani ya parachichi. Sasa kuna aina ya uvimbe wa ubongo unaitwa glioma, huo umeota kutoka kwenye seli za ubongo wenyewe na umejipenyeza kama sangari kwenye shamba la kahawa, juu unaona majani hapa, mizizi ishafika kwa jirani. Katikati yake dokta anaijua, iko tofauti, wakati mwingine ina damu au imeoza. Shida ni pembeni. Pale pembeni chini ya taa ya kawaida nyama ya uvimbe na nyama ya ubongo mzima zinafanana kabisa, hata mtu mwenye uzoefu wa miaka ishirini anabaki kukisia. Akikata kidogo anaacha uvimbe, akikata sana mgonjwa anaamka hasemi au mkono haunyanyuki.

Si kapigwa MRI? Si inaonyesha kila kitu?

MRI imepigwa jana au wiki iliyopita, kichwa kikiwa kimefungwa. Ukishafungua fuvu na ile ngozi ngumu inayofunika ubongo, maji yanatoka, ubongo unatulia chini kidogo, na kadri uvimbe unavyotolewa ndo unazidi kuhama. Ni milimita, saa zingine inafika sentimita. Kuna mashine ya kuelekeza inayotumia zile picha, nzuri sana mwanzoni kujua ufungulie wapi, lakini baada ya saa mbili ni kama umeelekezwa nyumba kwa mti wa mwembe halafu mwembe wenyewe umeshakatwa. Nchi zenye hela wana MRI humohumo teata, na kuna wanaotumia altrasaundi ambayo ni nafuu zaidi. Rangi faida yake ni kwamba ubongo ukihama na yenyewe inahama nao, maana imo ndani ya uvimbe.

Ziko rangi ngapi?

Zinazotumika sana ni tatu, na watu wanazichanganya kwelikweli, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Ya kwanza ni 5-ALA. Hii mgonjwa anakunywa. Ni unga kwenye kichupa, gramu moja na nusu, unachanganywa na maji mililita 50, anakunywa kama masaa matatu kabla ya kulazwa nusu kaputi. Dozi ni miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 60 ni miligramu 1200, sawa na mililita 40 za ule mchanganyiko. Mtu wa kilo 80 kichupa kimoja hakimtoshi. Hiyo 5-ALA yenyewe haing'ai hata kidogo! Ni kitu ambacho mwili unacho tayari, unakitumia kutengenezea ile sehemu ya damu inayobeba chuma. Ukimpa mtu nyingi kwa mpigo, seli za uvimbe mkali zinaipokea zinaigeuza kuwa kitu kinaitwa protoporfirini, halafu zinakwama hapo, haziendelei hatua ya mwisho kwa kasi kama seli nzima, basi inajaa ndani yao. Sasa dokta akizima taa nyeupe na kuwasha taa ya buluu kwenye maikroskopu, ile protoporfirini inatoa rangi nyekundu. Ubongo mzima unabaki buluu, uvimbe unawaka kama makaa chini ya jivu, na pale pembeni unapochanganyika na ubongo inakuwa pinki ya kufifia. Mimi nimeiona kwa macho yangu mara chache tu nilipokuwa mafunzoni India, na mara ya kwanza aisee nilisahau kumpa dokta pamba, nimesimama tu natazama mpaka nikaguswa kiwiko.

Ya pili ni fluoresini, hii ndo naijua kama chumvi ya jikoni kwangu. Inachomwa kwenye mshipa. Kama una ndugu mwenye kisukari aliyewahi kuchomwa sindano ya njano kliniki ya macho ili wapige picha ya nyuma ya jicho, ni hiyohiyo. Na vile vikaratasi vya rangi ya chungwa vya kugusisha jichoni kutafuta mkwaruzo, ni hiyohiyo. Yenyewe haiingii kwenye seli za uvimbe, inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Mishipa ya damu ya ubongo ina ulinzi mkali, vitu vingi vikija na damu vinaishia getini haviingii. Lakini mishipa ya uvimbe mkali imejengwa kwa haraka, ovyo ovyo, inavuja. Fluoresini ikipita inavuja humo, ukiweka filta ya njano kwenye maikroskopu unaona eneo lote la uvimbe limewaka njano ya kijani. Uzuri wake dokta anaweza kuendelea kukata hukohuko chini ya filta maana vitu vingine vinaonekana karibu na kawaida, wakati ile taa ya buluu ya 5-ALA inafanya kila kitu kiwe giza, damu huioni vizuri, inabidi awe anabadilisha buluu, nyeupe, buluu, nyeupe. Ubaya wake ni kwamba inafuata uvujaji, sio seli. Popote mishipa ilipojeruhiwa, hata na kisu chenyewe, inaweza kupaka.

Ya tatu indosianini ya kijani. Hii taa yake haionekani kwa jicho, inahitaji kamera maalum, na kazi yake kubwa kichwani ni kuangalia mishipa ya damu, mfano mshipa uliotuna kama puto ukishabanwa na klipu wanahakikisha damu bado inapita mishipa ya jirani. Kwa uvimbe kuna wanaoitoa dozi kubwa siku moja kabla ili ibaki kwenye uvimbe peke yake, ila hiyo bado ni ya vituo vichache. Ina ayodini, kwa hiyo kama una mzio sema mapema.

Nani aligundua? Ni kitu kipya hiki, tusije tukawa wa majaribio

Sio kipya. Fluoresini ilitengenezwa 1871 na mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer, wala hakuwa na habari na ubongo. Mwaka 1877 waliimwaga kwenye mto Danube kule Ujerumani sehemu ambayo maji yanazama ardhini, wajue yanatokea wapi, ikaja kutokea kwenye chemchemi ya Aach ikiwa inang'aa. Kila nikipita pale chemchemi ya Chemka naikumbuka hiyo stori, basi tu. Kwenye uvimbe wa ubongo ilianza na daktari Mmarekani George Moore kule Minnesota, 1948 hivi, kipindi ambacho hamna hata siti skani duniani! Ikasahaulika muda mrefu kwa kuwa bila filta nzuri ilibidi umpe mgonjwa dozi kubwa ndo uone kitu. Maikroskopu zenye filta zilipokuja dozi ikashuka mpaka miligramu 3 hadi 5 kwa kilo, ikafufuka.

5-ALA ni ya juzi juzi, nyuma yake yupo Mjerumani Walter Stummer na wenzake. Ulaya iliruhusiwa 2007, Marekani 2017.

Inasaidia kweli au mbwembwe za hospitali kutuongezea bili?

Swali zuri na napenda mtu anayeuliza hivi. Utafiti mkubwa wa 5-ALA ulitoka 2006, wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapasuliwa na 5-ALA, wengine kwa taa nyeupe ya kawaida. Waliopata 5-ALA, asilimia 65 MRI ya baada ya upasuaji ilionyesha uvimbe ule unaowaka kwenye picha umetoka wote, wasioipata asilimia 36. Miezi sita mbele, ambao uvimbe haujarudi kukua walikuwa asilimia 41 kwa 21.

Hiyo ni tofauti kubwa. Sasa na upande wa pili nikwambie, maana ukiambiwa nusu utakuja kunilaumu: ukiangalia muda wa kuishi kwa jumla, kati na kati ilikuwa kama miezi 15 kwa miezi 13 na nusu, na hiyo tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kusema ni ya uhakika. Uvimbe wenyewe, ile glioblastoma, yaani glioma kali kuliko zote, ni mbaya. Hata wapate kila kitu, upasuaji, mionzi, vidonge vya temozolomaidi, wengi tunaongelea mwaka na kidogo, wachache wanapita hapo sana. Rangi inaongeza nafasi ya kutoa kingi zaidi na kuchelewesha kurudi. Anayekwambia ukipata rangi umepona, huyo anakuuzia kikombe cha dawa ya miujiza, na sisi watu wa Kaskazini habari za vikombe tunazijua tangu Loliondo 2011.

Uvimbe wote wa ubongo unang'aa?

Hapana. 5-ALA inapenda glioma kali, daraja la 3 na la 4 (daraja ni ukali wake, la 4 ndo la juu). Zile za daraja la chini zinazokua polepole mara nyingi hazing'ai, dokta akiwasha taa ya buluu anaona buluu tupu na uvimbe upo. Fluoresini inawaka karibu kwa kila uvimbe unaowaka kwenye MRI baada ya kuchomwa ile dawa ya picha, kwa hiyo inatumika hata kwa uvimbe uliosambaa kutoka titi au mapafu.

Na kutong'aa sio ushahidi kwamba hamna uvimbe. Pembeni kabisa seli zikiwa chache rangi yake ni hafifu jicho halioni. Pia taa inaona juu juu tu, kukiwa na tone la damu au utando wa ubongo umefunika, huoni kilicho chini. Kinyume chake nacho kipo, sehemu iliyovimba tu kwa inflamesheni, yaani mwili unapambana na jeraha, au mtu aliyewahi kupigwa mionzi, inaweza kung'aa na sio kansa. Ndo maana wanachukua vipande vya biopsi, maabara ndo inasema neno la mwisho.

Kwa hiyo dokta anatoa kila kinachong'aa?

Hapana, na hapa nataka msome taratibu.

Rangi inasema "hapa kuna uvimbe." Haisemi "hapa kuna mkono wa kulia wa baba" wala "hapa ndo anapoongelea." Uvimbe unaweza kuwaka vizuri kabisa ukiwa umekaa juu ya sehemu inayomfanya mama aweze kutamka jina la mtoto wake. Dokta mwenye busara anauacha hapo, hata kama unamtazama. Nimewahi kusikia ndugu wanalalamika "wameona inang'aa na bado wameiacha, wazembe hawa," jamani, hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote, kuacha.

Kujua sehemu gani inafanya nini wanatumia umeme mdogo kugusa ubongo waone mkono unaruka au la, na kwa sehemu za lugha kuna upasuaji ambao mgonjwa anaamshwa katikati, haumii maana ubongo wenyewe hausikii maumivu, ngozi ya kichwa ndo inapigwa ganzi, anaonyeshwa picha anataja, hiki kisu, hiki kikombe. Kwa watu wetu kuna jambo moja naomba mlitaje mapema: lugha zote anazotumia. Mtu akikulia na Kimachame au Kimaasai, Kiswahili akakipata shuleni, lugha hizo zinaweza kuchangia sehemu fulani za ubongo na nyingine zikawa tofauti. Akipimwa Kiswahili tu, anaweza kuamka anaongea Kiswahili safi halafu akashindwa kumsalimia bibi yake. Ndugu anayejua hiyo lugha aisaidie timu kuandaa maneno kabla.

Ni sumu? Madhara yake?

Fluoresini: wengi hawapati kitu, wachache kichefuchefu, wachache sana mzio mkali wa kubana kifua na presha kushuka, ndo maana inachomwa pale ambapo kuna daktari wa usingizi na dawa za kuokoa ziko mezani. Kama uliwahi kuchomwa ile ya macho ukawashwa mwili au ukazimia, USIKAE KIMYA.

5-ALA: kichefuchefu, presha kushuka, vipimo vya ini kupanda kwa muda. Mwenye ugonjwa wa porfiria, yaani mwili wake unashindwa kutengeneza vizuri ile sehemu ya damu inayobeba chuma, haruhusiwi kabisa. Mwenye shida ya ini aseme, na kwenye kusema ini ninyi wa mbege na konyagi semeni idadi ya kweli, hatuwashtaki kwa mchungaji.

Nimesikia ukinywa hiyo usitoke juani

Ni 5-ALA hiyo, sio fluoresini. Ile protoporfirini haijai kwenye uvimbe tu, kidogo inabaki kwenye ngozi, na mwanga mkali ukiipiga ngozi inaungua. Kwa kawaida saa 24 mpaka 48 mgonjwa anakaa mbali na jua na taa kali. Sio lazima giza la pango, taa ya kawaida ya wodi yenye mwanga mdogo inatosha.

Najua swali linalofuata maana hapa Moshi tuna Kilisun yetu, mafuta ya kukinga jua yaliyoanza kutengenezwa hospitali ya KCMC kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino: nipake hiyo niwe huru? Haitasaidia kwa hili. Mafuta ya jua yanazuia ile mionzi isiyoonekana, wakati protoporfirini inachokozwa na mwanga wa kawaida unaoonekana, hasa ule wa buluu. Ni shuka, pazia, na nguo ya mikono mirefu tu.

Kule India hospitali niliyokuwepo, jina nalihifadhi, walimpasua kaka mmoja vizuri kabisa, kisha asubuhi zamu ikabadilika, mtu hakuandika kwenye karatasi ya makabidhiano, kitanda kikasukumwa dirishani ili apate hewa. Jioni uso upande mmoja mwekundu kama aliyeshinda Kilimanjaro bila kofia. Upasuaji wa saa sita hauna kosa, anakuja kuunguzwa na dirisha. Ndugu mnaokaa na mgonjwa, hili mnaweza kulisimamia nyie wenyewe.

Kuna dawa za kuacha?

Kwa 5-ALA ndiyo, zile zinazofanya ngozi iogope mwanga zaidi, zisikutane nayo siku hiyo. Na ni dawa ambazo kwetu watu wananunua duka la dawa kama pipi: doksi, sipro, septrini, hata SP ya malaria, maana ina salfa. Umejisikia mkojo unauma ukameza sipro mbili kimyakimya usiku wa kabla ya upasuaji, unadhani haina uhusiano. Inao. Mitishamba nayo sema. Ila za degedege na deksamethasoni, ile ya kushusha uvimbe wa maji kichwani, ulizopangiwa na dokta usiguse bila yeye kukwambia.

Mkojo wa mama umekuwa njano kali kama rangi ya highlighter, figo zimeharibika?

Hapana, ni fluoresini inatoka. Mkojo unakuwa hivyo siku moja mpaka siku na nusu, ngozi na macho yanaweza kuwa na unjano kwa saa 6 hadi 12. Kuna binti alimpigia simu shangazi yake wa Karatu akilia kwamba mama amepata manjano, ukoo mzima ukapanda gari. Wakafika asubuhi mama kashakuwa na rangi yake anakunywa uji.

Mjamzito? Anayenyonyesha? Mtoto?

Mjamzito 5-ALA hapewi. Anayenyonyesha akipewa anasimamisha kunyonyesha saa 24, maziwa anakamua anamwaga. Kwa watoto 5-ALA haijasajiliwa rasmi kama kwa watu wazima, fluoresini inatumika, dokta wao ndo anapima.

Na umeme ukikatika je? Au upasuaji ukisogezwa?

Umeme, teata zina jenereta. Kusogezwa ndo tatizo la kweli, tena la kwetu hasa. Mgonjwa amekunywa 5-ALA saa kumi na moja alfajiri, saa mbili kasoro wanaletwa majeruhi wa bodaboda mbili zilizogongana Njia Panda, mmoja damu imevilia kichwani, hiyo haisubiri, teata inachukuliwa. Mgonjwa wetu anakaa na rangi yake tumboni. Masaa machache hayana neno, rangi inabaki kali kwa muda. Yakipita masaa 12 wanaahirisha mpaka kesho yake au baadaye, na anakunywa upya dozi nyingine. Kichupa kingine hicho, hela nyingine.

Kwa hilo mimi kwa mazingira yetu naipigia kura fluoresini, inachomwa mgonjwa akiwa ameshalala mezani, hakuna cha bodaboda tena. Madokta wengine watanibishia, na wana sababu zao, 5-ALA ina ushahidi mzito zaidi kwa glioma kali.

Bei?

Ziko mbali kama mbingu na ardhi. Kichupa kimoja cha 5-ALA kwa bei za Ulaya ukigeuza ni shilingi milioni na zaidi. Fluoresini ampuli moja ya mililita 5 ina miligramu 500, mtu wa kilo 60 kwa dozi ya juu ya 5 kwa kilo anatumia 300, ampuli moja imemaliza kazi na bei yake haifanani hata kidogo na ile. Ghali sio dawa, ni maikroskopu na filta. Siku hizi kuna miwani ya kukuza yenye taa na filta, nafuu kuliko maikroskopu nzima, naona huko ndo hospitali nyingi za Afrika zitapitia. Bima, nenda na karatasi ya dokta uulize kabla ya kulazwa, usiulize siku ya kutoka.

Kwa huku kwetu niende wapi?

Njia ya kawaida kwa watu wa Arusha na Kilimanjaro ni hospitali ya mkoa, kisha rufaa KCMC, na wengine wanapelekwa MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili Dar. Ukikaa na dokta bingwa wa ubongo muulize waziwazi, hatakasirika: uvimbe wangu kwenye picha unafanana na daraja gani? Unategemea kuutoa wote au kiasi? Mna maikroskopu yenye filta ya rangi, na ni rangi ipi? Kama hamna, mtatumia nini kujua mpaka, altrasaundi? Hospitali isiyo na rangi sio hospitali mbovu. Mkono uliozoea bila rangi naupenda kuliko rangi kwenye mkono usiozoea, na kuna uvimbe ambao rangi haiongezi kitu kabisa, kwa hiyo usiuze shamba kukimbilia India kwa ajili ya taa ya buluu kabla hujaambiwa uvimbe wako ni wa aina gani.

Baba alianza kuanguka kifafa, tulimpeleka kuombewa miezi mitano, tumechelewa?

Sikulaumu, ni wengi. Maombi endeleeni, ila mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka kifafa akianza kuanguka ukubwani, hiyo ni ya siti skani wiki hiyohiyo. Vilevile kichwa kinachouma zaidi alfajiri na kutapika, upande mmoja kulegea, maneno kupotea, tabia kubadilika ghafla. Kuchelewa uvimbe unakuwa mkubwa na unasogea kwenye sehemu zisizokatika, na hapo rangi ing'ae vipi dokta ataishia kuitazama. Mpelekeni kesho.

Kuna video inasema wanatumia sumu ya nge, kweli?

Kweli kabisa, hii hata mimi nilicheka. Kuna nge ambaye kwenye sumu yake kuna kitu kinaitwa klorotoksini, kinapenda kung'ang'ania seli za glioma. Watafiti wa Seattle, Marekani, wakakifunga na rangi inayong'aa, ikaitwa rangi ya uvimbe, imejaribiwa kwa wagonjwa wakiwemo watoto. Sio ile inayouma, na tafadhali mtu asiende kutafuta nge porini kule Mererani.

Ubongo utabaki na rangi?

Hapana. Siku mbili tatu imeshatoka yote.

Baada ya hapo?

MRI ndani ya saa 72 kama inawezekana, kabla kovu na majimaji ya upasuaji hayajachanganya picha. Majibu ya biopsi. Kama ni glioma kali, mionzi na vidonge, mionzi wengi wetu tumekuwa tukienda hospitali ya kansa ya Ocean Road Dar, au Bugando Mwanza. Msisubiri kidonda kipone mpaka nywele ziote, ulizeni tarehe ya kliniki siku ya kuruhusiwa.

Naweza kuona hiyo picha ya uvimbe unavyong'aa?

Omba. Maikroskopu nyingi zinarekodi, na madokta wengi wanapenda kuonyesha, wanafurahi mtu akiuliza. Baba mmoja wa Kibosho binti yake alitolewa uvimbe kwa fluoresini, dokta akamwonyesha kipande cha video kwenye simu pale koridoni. Akaangalia mpaka mwisho hajasema kitu, akarudisha simu, akaniambia sista kumbe ni kama rifleta ya trafiki tu, halafu akauliza chakula cha wodi kinaletwa saa ngapi.